Nyimbo Zilizofutwa na GB 698 Zisizoonekana: Uchambuzi wa Kisa cha Kompyuta ya Nyumbani Dodoma

Kisa hiki kinahusu kompyuta moja ya nyumbani, Dodoma mjini, iliyokuwa ikilalamika kila ikiwashwa kwamba imejaa, ilhali robo tatu ya hadidiski yake haikuwahi kuguswa na mtu. Nimekiandika kwa ajili ya mafundi wenzangu na kwa yeyote anayetunza kompyuta ya familia. Familia imeridhia kiandikwe. Majina, mtaa, kanisa na chuo nimeviondoa, na tarakimu nyingi za ukubwa nimezikadiria hadi GB nzima ili hesabu ifuatike.

Usuli

Mwenye kompyuta ni mzee mstaafu wa utumishi wa umma, mwalimu wa kwaya tangu ujana wake. Kompyuta ni ya mezani, ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, inaendesha Windows 7 na ina RAM ya GB 8. Inakaa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kila isipotumika, na kwa vumbi la Dodoma la mwezi wa saba na wa nane kitambaa hicho kina kazi kubwa kuliko urembo. Haiunganishwi na intaneti isipokuwa mara chache kupitia simu ya kijana wa mwisho, mwanafunzi wa chuo. Mama anaitumia kwa mahesabu ya kikoba, kijana kwa masomo na sinema, mzee kwa nyimbo.

Hizo nyimbo ndizo zinazokifanya kisa hiki kiwe na uzito. Kwa miaka mingi mzee alizunguka na kinasa sauti kidogo cha mkononi katika vijiji vya Chamwino na Bahi, akirekodi uimbaji wa Kigogo: wazee wa ala za zeze na ilimba, akina mama wa ngoma ya muheme, kwaya za vijijini zilizochukua mahadhi ya asili na kuyaingiza kanisani. Dunia iliyajua mahadhi hayo kwa sehemu kubwa kupitia mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, lakini waimbaji wengi wa kiwango hicho hawakuwahi kuingia studio hata mara moja. Sauti zao ziko kwenye kaseti na mafaili ya watu kama mzee huyu. Alirekodi kwa mfumo wa WAV, ambao haubani sauti. Kwa ubora wa CD, saa moja huchukua takribani MB 600. Folda yake kuu ilikuwa na GB 24, yaani kama saa 40.

Mfululizo wa matukio

Kiasi cha mwaka mmoja kabla sijaitwa, hadidiski ya awali ya GB 250 ilianza kutoa mlio wa kugonga. Fundi wa wakati huo alifanya jambo la busara: hakungoja ife. Aliwauzia hadidiski ya TB 1, akanakili diski nzima ya zamani kwenda kwenye mpya kama ilivyo, kompyuta ikawaka na kila kitu kikawa mahali pake. Akaongeza pia kiwango cha ulinzi wa mfumo, ile sehemu ya Windows inayohifadhi pointi za kurejesha, hadi asilimia 30 ya C, yaani sehemu ya diski yenye Windows. Sababu aliyowapa ni kwamba kompyuta ikiharibika iweze kurudishwa nyuma. Akaaga kwa kuwaambia sasa wana TB 1, hawatajaza tena.

Wakajaza. Baada ya miezi michache mstari wa C ukawa mwekundu.

Kijana alianza kwa yale ambayo kila mtu hushauriwa: kumwaga pipa la takataka, kufuta mafaili ya muda, kuendesha Disk Cleanup. Akapata GB chache, zikaisha ndani ya wiki. Akapanga mafolda kwa ukubwa na kukuta lile la GB 24, lenye mafaili ya WAV ambayo majina yake ni tarehe tupu. Pembeni kulikuwa na folda nyingine yenye nyimbo za MP3 zenye majina kamili. Akaamua kwamba WAV ni malighafi na MP3 ndiyo kazi iliyokamilika. Akafuta kwa Shift na Delete, maana pipa lingeendelea kushikilia nafasi.

GB 24 zikaonekana. Jumamosi iliyofuata akaingiza video za send-off ya dada yake, GB 11. Alitegemea abaki na GB 13. Akabaki na GB 2, na siku chache baadaye ikawa chini ya GB 1. Hapo ndipo alipoanza kudhani kompyuta ina virusi.

Mzee aligundua siku alipotaka kutafuta sauti ya mwimbaji mmoja aliyefariki, ili isikike kwenye kumbukumbu yake. MP3 ya wimbo ilikuwepo. Isiyokuwepo ni yale mazungumzo ya kabla na baada ya wimbo, ambamo mwimbaji huyo anaeleza nani alimfundisha, maneno ya Kigogo yana maana gani, na kwa nini ubeti wa tatu hauimbwi kwenye msiba. Hayo yalikuwa kwenye WAV peke yake.

Simu ya kwanza

Kijana ndiye aliyenipigia. Alisema, “Kaka, nimefuta kitu cha baba na sasa natafuta programu ya kukirudisha, naipakua kwa simu.” Nikamwomba asipakue kitu, asisakinishe kitu, aizime kompyuta na asiiwashe hata kuangalia saa.

Sababu ya ombi hilo inajulikana kwa mafundi lakini haijulikani majumbani. Kwenye hadidiski ya sahani zinazozunguka, kufuta faili hakufuti yaliyomo. Kunaandika tu kwamba eneo lile sasa liko huru. Yaliyomo hubaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Programu ya kurejesha ikisakinishwa kwenye diski hiyohiyo inaweza kukaa palepale inapotafuta. Hata kuwaka kwa Windows huandika mambo mengi kimyakimya. Kama ingekuwa SSD, diski isiyo na sahani, ningekuwa na matumaini madogo zaidi, kwa kuwa mfumo huituma amri ya TRIM na SSD husafisha maeneo yaliyoachwa huru bila kungoja kuandikiwa.

Nakala kwanza, ukaguzi baadaye

Nilipofika niliwasha kompyuta kwa Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, iliyo kwenye flashi, bila kugusa Windows. Nikapima afya ya hadidiski kwa taarifa zake za ndani: hakukuwa na sekta zilizohamishwa wala zinazosubiri kuhamishwa. Kisha nikachukua nakala ya C nzima, sekta kwa sekta, kwa ddrescue, programu ya kunakili diski, kwenda kwenye diski ya nje. Diski ya nje ya kijana haikufaa kwa sababu ilikuwa na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Tulitumia yangu yenye mfumo wa NTFS, usio na kikomo hicho. Kompyuta na diski vyote vilikuwa kwenye UPS, betri ya akiba, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kazi ya namna hii unaweza kulazimika kuanza upya.

Kazi hiyo ilichukua saa kadhaa na mzee aliisubiri akiwa ameketi palepale. Aliuliza mara moja tu kwa nini naanza na kunakili diski iliyojaa badala ya kutafuta nyimbo. Nilimjibu kwamba kuanzia hapo nikikosea, au Windows ikifuta kitu yenyewe, tunaweza kurudi kwenye hali ileile aliyonikabidhi. Bila nakala hiyo kila hatua ingekuwa ya mwisho.

Hesabu isiyofunga

Baada ya hapo ndipo niliwasha Windows, na nikaanza na karatasi na kalamu.

C ilikuwa na ukubwa wa GB 220, zilizotumika 219. Lakini ukichagua mafolda yote yanayoonekana ndani ya C na kuuliza ukubwa wake, jibu lilikuwa GB 126. Tofauti ni GB 93. Kijana alishaiona tofauti hiyo na ndiyo iliyomfanya awaze virusi.

GB 93 hizo nilizitafuta moja baada ya nyingine. Mafaili mawili yaliyofichwa kwenye mzizi wa C yalibeba GB 14: hiberfil.sys yenye GB 6, ambayo Windows 7 huipa asilimia 75 ya RAM kwa ajili ya kulaza kompyuta, na pagefile.sys yenye GB 8, ambayo Windows huitumia kuisaidia RAM. Zikabaki 79. Akaunti ya mpwa wa mzee, aliyeishi nao kisha akahamia kikazi mkoa mwingine, ilikuwa na GB 13 ambazo akaunti ya kijana haikuruhusiwa kuzisoma, kwa hiyo kwenye hesabu yake zilionekana sifuri. Zikabaki 66.

GB 66 ni asilimia 30 ya GB 220. Hapo nilijua jibu kabla ya kulithibitisha. Nikafungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, nikaandika vssadmin list shadowstorage, na kompyuta ikakiri: nakala kivuli zimeshika karibu GB 66, na kikomo chake ni hizohizo 66. Amri ya pili, vssadmin list shadows, ikatoa orodha ya nakala hizo na tarehe zake. Kadhaa zilikuwa za kabla ya siku kijana alipofuta.

Nieleze kidogo nakala kivuli ni nini, kwani ndiyo fundo la kisa chote. Windows inapotengeneza pointi ya kurejesha hainakili diski nzima. Inaweka alama ya wakati, kisha inafanya kama karani ambaye kabla ya kuruhusu ukurasa wa daftari uandikwe upya huunakili ule wa zamani na kuuweka kabatini. Kila kipande cha diski kinachoandikwa upya, kilichokuwemo awali huhamishiwa kwanza kwenye folda iliyofichwa ya System Volume Information. Ndiyo maana GB 11 za video za send-off zilikula GB 22. Zilikaa pale zilipokuwa nyimbo, na kwa kila kipande cha video kilichoingia, kipande cha wimbo kilihamishiwa kwenye kivuli. Kijana aliona nafasi inatoweka. Kumbe nyimbo za baba yake zilikuwa zinahifadhiwa.

Na kikomo kilishafika. Kivuli kikijaa, Windows huanza kuziondoa nakala za zamani zaidi bila kumwuliza mtu. Kompyuta ile ingeendelea kutumika kwa siku nyingi zaidi, zile za kabla ya ufutaji zingeondoka zote.

Lilibaki swali la TB 1. Nikafungua Disk Management, dirisha la Windows la kusimamia diski. Hadidiski ilionyesha GB 931, na hapo hakuna kilichoibiwa: watengenezaji huhesabu TB 1 kuwa baiti trilioni moja, Windows hugawanya kwa 1,024 mara tatu ili kupata GB, na jibu linakuwa 931. Ndani ya 931 kulikuwa na patisheni, yaani kipande cha diski kilichotengwa, ndogo ya mfumo ya MB 100, kisha C ya GB 220, kisha patisheni ya mtengenezaji ya kurejeshea kompyuta, karibu GB 13, kisha mstari mweusi mrefu wa eneo lisilogawiwa: GB 698. Diski ya zamani ya GB 250 ilinakiliwa kama ilivyo kwenye diski kubwa, na ukubwa wake wa zamani ukaja nayo. Nilimgeuzia mzee skrini aone. Alitazama kwa muda, kisha akamwita mama jikoni naye aje atazame.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa mpangilio: nyimbo kwanza, nafasi baadaye. Nilibonyeza kulia folda iliyokuwa ikibeba rekodi, nikafungua Previous Versions, nikachagua nakala ya karibu zaidi kabla ya tarehe ya kufuta. Folda la WAV lilikuwemo. Sikubonyeza Restore. Kitufe hicho hurudisha mafaili palepale C, diski ambayo haina nafasi na ambayo kila kinachoandikwa kinasukuma kivuli kuelekea kufutwa. Nilifungua nakala hiyo kwa kutazama tu na kuburuta folda lote kwenda diski ya nje. Kisha tulifungua mafaili machache kwa kuruka huku na huku, mzee akisikiliza mwanzo, katikati na mwisho. Sauti ya yule marehemu ilikuwepo, na maelezo ya ubeti wa tatu yalikuwepo.

Upungufu mmoja ulijitokeza. Safari yake ya mwisho ya kurekodi aliiingiza kwenye kompyuta siku chache tu kabla ya ufutaji, baada ya pointi ya mwisho ya kurejesha. Windows 7 hutengeneza pointi yenyewe mara moja kwa wiki kama hakuna tukio jingine, kwa hiyo kinachoingia na kutoka katikati ya wiki hakina kivuli. Nilifikiria kuchimba C kwa programu ya kutafuta mafaili kwa saini zake, yaani alama zinazotambulisha aina ya faili. Lakini eneo lile lilishaandikwa video juu yake, na kwa vile vipande hivyo havikuwa na kivuli, juhudi ingekuwa kubwa kwa mavuno kidogo. Nikauliza kinasa sauti kiko wapi. Kadi yake ilishafutwa ili kupisha rekodi mpya, ila rekodi mpya zilikuwa chache. PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa, iliisoma kadi hiyo na kutoa sehemu ya safari ile, bila majina, mafaili yakiitwa kwa namba tu. Mzee aliyatambua kwa kusikiliza.

Uamuzi wa pili ulihusu GB 698. Kijana alitaka ziunganishwe na C iwe moja kubwa, na ndivyo wengi wangetaka. Kwenye Disk Management, Extend Volume ya C ilikuwa imefifia, haibonyezeki, kwa sababu Windows hupanua patisheni kuelekea eneo huru lililo jirani yake upande wa kulia tu, na jirani wa C alikuwa patisheni ya mtengenezaji. Zipo programu za kuihamisha patisheni hiyo hadi mwisho wa diski kisha kuipanua C. Nilizikataa hapa kwa sababu tatu. Kuhamisha patisheni ni kazi ambayo umeme ukikatika katikati inaweza kuondoka na kila kitu. Kuchezea mpangilio wa C kwa programu isiyojua nakala kivuli kungeweza kuzivunja, nami nilitaka zibaki hadi mzee athibitishe kila folda. Na tatu, kuziweka kazi za familia mbali na mfumo kuna faida ya kudumu: siku Windows itakapobadilishwa, C inafutwa na nyimbo haziguswi.

Kwa hiyo nilitengeneza patisheni mpya, D, kwenye eneo lile jeusi. Diski ilikuwa na jedwali la patisheni la aina ya MBR, lenye nafasi ya patisheni nne za msingi, na tatu zilikuwepo. Windows ikaitengeneza ya nne kama patisheni ya nyongeza yenye D ndani yake. Hilo halimsumbui mtumiaji, ila fundi atakayekuja baada yangu anapaswa kulijua, na nimeliandika kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kasha la kompyuta.

Picha, video, mahesabu ya kikoba na mafaili ya chuo tuliyanakili kwenda D, tukalinganisha idadi na alama za uhakiki za pande zote mbili, na ndipo tukafuta ya C.

Kuhusu kivuli, baba na mwana walitofautiana. Kijana alitaka kizimwe kabisa kwa kuwa ndicho kilichokula nafasi. Mzee alitaka kiachwe vilevile kwa kuwa ndicho kilichookoa nyimbo. Wote wawili walikuwa na hoja, na nilisubiri wamalize. Tulikubaliana kivuli cha C kishushwe hadi GB 10, kinachotosha kurudisha mfumo nyuma, na D iwekewe ulinzi wake yenyewe kwa chaguo la Windows 7 la kuhifadhi matoleo ya awali ya mafaili peke yake. Kivuli cha C hakikushushwa siku hiyo. Kilishushwa baada ya mzee kupitia orodha yote kwa utulivu na kusema imetosha.

Hiberfil niliiondoa kwa powercfg -h off, kompyuta ya mezani isiyolazwa haiihitaji. Pagefile niliiacha. Akaunti ya mpwa hatukuifuta hadi alipopigiwa simu. Alitaka picha zake, zikapelekwa kwenye flashi na binamu yake.

Matokeo

C ilitoka chini ya GB 1 hadi takribani GB 146 huru: kama 70 za mafaili yaliyohamia D, 56 za kivuli, 13 za mpwa na 6 za hiberfil. D ilibaki na zaidi ya GB 600. Rekodi zote zenye kivuli zilirudi na majina na tarehe zake. Safari ya mwisho ilirudi nusunusu. Baadhi ya mafaili yanakatika katikati ya wimbo na hayatapona.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya chochote ni kukataa kufuta kitu kabla hesabu haijafunga. Nafasi ya diski ni tarakimu, na tarakimu zinaweza kudaiwa hadi zitoe jibu. 126, 14, 13 na 66 zinafanya 219. Haitafunga hadi MB ya mwisho, maana Windows ina mafaili yanayoonekana katika mafolda mawili huku yakiwa moja, hasa ndani ya WinSxS, folda la mafaili ya Windows yenyewe, lakini pengo la GB 93 si kosa la kujumlisha. Pengo kubwa namna hiyo lina mwenyewe, na ukimjua ndipo unaamua kama aondoke.

Fikiria kama tungefuata njia ya kawaida. Disk Cleanup ya Windows 7 ina kichupo cha pili, More Options, chenye kitufe kinachofuta pointi zote za kurejesha isipokuwa ya mwisho. Watu huelekezwa hapo kila siku, na kwa kompyuta nyingi ni ushauri mzuri. Hapa kingetoa zaidi ya GB 50 papo hapo, familia ingeshangilia, na nakala moja ambayo ingebaki ni ya baada ya ufutaji, isiyo na wimbo hata mmoja. Kijana aliniambia kichupo hicho alikiona alipoendesha Disk Cleanup mara ya kwanza na akakiacha kwa sababu hakukielewa. Kuacha usichokielewa ndiko kulikoziokoa saa 40 za sauti, na nilimwambia hivyo mbele ya baba yake.

Sioni haki ya kumlaumu kwa kufuta. Aliona mafaili makubwa yenye majina ya tarehe, akaona pembeni yake kazi iliyokamilika, akafikiri kwa mantiki. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba thamani iko kwenye mazungumzo na siyo kwenye wimbo. Baada ya kisa hiki mzee alikaa naye, akimweleza kila rekodi ni ya nani na ya wapi, na kijana akayapa mafolda majina kamili: kijiji, mwimbaji, chombo, mwaka. Folda linaloitwa kwa jina la marehemu na kijiji chake halifutwi kirahisi.

Kilichoshindwa ni makabidhiano ya hadidiski. Kunakili kulifanyika vizuri, lakini kazi ya kubadilisha diski haijaisha hadi Disk Management ifunguliwe na eneo jeusi lipewe matumizi. Dakika moja ya kutazama ingetosha. Asilimia 30 ya kivuli nayo ilikuwa nia njema isiyo na hesabu. Windows 7 yenyewe, ikiachwa, kwa diski ya ukubwa huu isingezidi GB 10. Nia hiyo iliziokoa nyimbo, hilo ni kweli, lakini ndiyo pia iliyoijaza C na kumsukuma kijana kuanza kufuta.

Pia nakala kivuli hazipaswi kuhesabiwa kuwa bekapu. Ziko ndani ya diski ileile. Kama hadidiski ya TB 1 ingeanza kugonga kama iliyotangulia, nyimbo na vivuli vyake vingekufa pamoja. Na wasomaji wenye mifumo mipya wasitegemee njia hii: kuanzia Windows 8, pointi za kurejesha za diski ya mfumo kwa kawaida hulinda mafaili ya mfumo, si kazi za mtumiaji. Kwenye Windows 10 na 11 lazima uiwashe File History, sehemu ya Windows inayohifadhi matoleo ya mafaili yako, mwenyewe na kuipa diski ya nje.

Sasa rekodi ziko sehemu tatu: D, diski ya nje iliyo kabatini kwa mzee, na diski nyingine iliyo kwa binti yake Singida, ambayo hubadilishana na ile ya kabatini kila anapokuja Dodoma. Windows 7 bado ipo, ingawa haipati marekebisho ya usalama tangu tarehe 14 Januari 2020; tumekubaliana kompyuta isiunganishwe tena na intaneti hadi ibadilishwe, na C ikifutwa siku hiyo, D itachomolewa waya wake isiguswe. Kwa kuwa C na D ziko kwenye hadidiski moja, hilo litawezekana tu kama C itahamia kwenye SSD yake, na mzee ameshaanza kuitengea fedha.